Sabato ya Mjusi

Isebania,
Jumapili, 21 Julai 1996.

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu ulinifundisha kwamba mtu haingii nyumbani kwa watu akitanguliza shida zake. U hali gani? Umeamkaje? Mkono unaendeleaje, na mguu, na usingizi? Natamani barua hii ikukute ukiwa umeketi. Ikikukuta umelala, mwombe Mama akuinulie mto kwanza, ndipo asome. Sisi huku tu wazima. Shangazi Bitutu hajambo, ila goti lake, ambalo anasema lilitabiri mvua ya Jumatano kabla ya redio. Mimi nami sijambo. Katika mtihani wa katikati ya muhula nilikuwa wa nne darasani, na wa pili katika Kiswahili, kwa hiyo usidhani kwamba mambo nitakayokueleza yameniondoa kwenye vitabu.

Barua hii inaletwa na Shemasi Bichage, anayekuja huko Homa Bay Jumanne kwa matayarisho ya makambi ya kanisa. Atakukabidhi na furushi hapo hospitalini. Tafadhali usilifungue kabla barua haijaisha. Nawe Mama, ukimsomea, naomba usiruke mahali popote, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu.

Tulipata barua ya Mama. Alituambia kwamba upande wako wa kulia bado umelala, na kwamba umeamua cherehani iuzwe kwa Bwana Matiko wa Sirare, kwa kuwa cherehani isiyo na mkono ni chuma tu. Pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, kana kwamba hakutaka uone, aliongeza kwamba unageukia ukutani na sahani inarudi jikoni kama ilivyokuja. Niliisoma barua ile mara mbili nikitafuta jina la Mkaguzi. Halikuwamo. Baba, hukuuliza habari zake. Hilo ndilo lililonitisha kuliko hata habari za cherehani.

Basi nitakueleza habari zake bila kuulizwa. Nitasema hata yale unayoyajua, kwa sababu Mama hakai sana kibandani kwako, na huenda muuguzi naye amesimama karibu akisikiliza, akijiuliza Mkaguzi ni mtu wa idara gani.

Mkaguzi ni mjusi. Alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita akiwa mdomoni mwa paka wa hoteli ya jirani. Ulimtupia paka yule mkasi mdogo, ukamkosa, lakini akaachia. Mjusi alikuwa amebaki na miguu mitatu. Ukampaka dawa ya zambarau kwenye kigutu, ukamlaza ndani ya sanduku la vifungo, na kila mtu akasema akipona ataenda zake. Hakwenda. Tangu siku ile hajavuka kizingiti mwenyewe. Saa nne, chai ikifika, alikuwa akitoka sandukuni, kichwa chekundu kama pilipili na mgongo wa buluu, anapanda juu ya lile jiwe bapa unalowekea pasi ya makaa, nawe unampa panzi kwa mkono. Akishiba alikuwa akiinua kifua na kuinamisha kichwa mara mbili au tatu, kama mtu anayekubali jambo. Ndipo ukampa jina, na ndipo ukatunga sheria yako kwamba nguo haitoki kibandani mpaka Mkaguzi aikubali, na kwamba nguo iliyo nusu haikaguliwi.

Kanisani nako walikuwa na utani wao. Mkaguzi hakuwa akila siku ya Sabato. Baada ya ibada ulikuwa ukipita kibandani kumpa panzi aliyekamatwa tangu Ijumaa, kwa kuwa kumlisha mnyama hakukukatazwa, naye anakaa sandukuni, hamtazami. Wazee wakasema ana imani kuliko vijana wa kwaya. Mzee Mwikwabe, mshona viatu wa barazani kwetu, ambaye haendi kanisa lolote, alisema huyo ndiye Msabato pekee anayemjua asiyesinzia wakati wa mahubiri. Ulicheka mpaka ukaiweka pasi chini.

Sasa nije kwenye yaliyotokea. Ile Jumatano ya tarehe tano Juni ulipopeleka sare za kwaya Homa Bay, uliniahidi kwamba utarudi Ijumaa kabla ya jua kutua. Jumapili tukaletewa habari kwamba umeanguka mbele ya wanakwaya wakiwa wamezivaa zile sare, na Jumatatu alfajiri Mama akasafiri kuja kwako. Shangazi akaja kukaa nami. Kibanda kikafungwa, nami nikapewa ufunguo ili nimlishe Mkaguzi nikitoka shuleni.

Jioni hiyo nilimpa panzi watatu. Hakuwatazama. Nilidhani Sabato yake imechelewa kuisha, kwa kuwa anayemhesabia siku hayupo. Jumanne nilikuta panzi wawili wametoroka na wa tatu amekaa mgongoni mwake, naye amemwacha tu. Jumatano vivyo hivyo. Nikamletea nzi wa buchani, mende wa jikoni na funza wa mahindi mabichi. Mama Caren, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, aliapa kwamba tangu dunia iumbwe hakuna kiumbe aliyekataa omena, akanipa vichwa vitano bila malipo. Mkaguzi akawa kiumbe wa kwanza. Mama Caren alikasirika kana kwamba yeye ndiye aliyetukanwa, na kwa siku mbili alimpimia Shangazi omena bila kuongeza hata moja. Mzee Mwikwabe akashauri uji wa wimbi. Niliupaka mdomoni mwa Mkaguzi kwa unyoya wa kuku, akafumba macho, uji ukakaukia pale pale, akawa kama mzee aliyesahau kufuta ndevu.

Shangazi, siku ya kwanza, alisimama mlangoni na kunikumbusha Mambo ya Walawi kumi na moja, ambapo mjusi ametajwa kwa aina zake kuwa ni najisi. Nilimjibu kwa heshima kwamba naijua sura hiyo, na kwamba inakataza kumla na kugusa mzoga wake, lakini haikatazi kumlisha angali hai. Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba, amekunja leso mpaka magotini, anakimbiza panzi kwenye nyasi na goti lake lile lile bovu. Aliponiona akasema anatafuta kifungo.

Wiki ya tatu kichwa cha Mkaguzi kilikuwa na rangi ya udongo. Ngozi ya mbavuni ilikuwa imemlegea kama nguo iliyopimwa kwa mtu mwingine. Sikumwona akiinamisha kichwa hata mara moja. Nilijaribu kumtoa nje aote jua, lakini unaujua ukungu wa huku majira haya. Jua lenyewe lilichungulia saa saba na kurudi zake. Tena paka wa hoteli alikuwa ameketi ngazini, na Mkaguzi akaanza kutetemeka kiganjani mwangu. Nikamrudisha ndani.

Mzee Mwikwabe alisema hiyo ni huzuni. Alinisimulia kwamba kulikuwa na fahali huko kwao Kegonga aliyekataa majani mchungaji wake alipofariki, akasimama wiki nzima akiitazama njia. Akasema mjusi huyu anamlilia Fundi, tumwache alie. Niliyaamini maneno yake, nikaketi kwenye kigoda chako nikalia pamoja na Mkaguzi, ingawa yeye hakutoa chozi. Yalikuwa maneno mazuri, Baba. Karibu yamwue.

Sabato ya tarehe ishirini na tisa Juni, darasani kanisani, somo lilikuwa la mana. Mwalimu aliuliza kwa nini mana ya siku ya sita haikuoza ilipolazwa hadi siku ya saba. Wenzangu wakajibu. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye siku ya saba yenyewe. Nilijiuliza Sabato kibandani kwetu ina nini ambacho siku nyingine haina. Nilitaka kusema Mkaguzi hali kwa sababu wewe hupo, lakini haikuwa kweli. Sabato ulikuwa ukipita na kumpa panzi kwa mkono wako mwenyewe, naye alikuwa akikataa. Basi haikuwa habari ya mkono wako. Unisamehe, lakini nililazimika kufikiri hivyo.

Kisha nikakumbuka Ijumaa zetu. Kila Ijumaa jua likiinama, ulikuwa ukimwaga makaa ya pasi nje, unayazima kwa maji, na kunipa jiwe nilifute majivu. Kuanzia saa ile mpaka Jumapili asubuhi jiwe lile lilikuwa baridi kama limetoka mtoni.

Baba, Mkaguzi hakuwa akishika Sabato. Alikuwa akisikia baridi. Na tangu uondoke, pasi haikuwashwa hata siku moja. Kwake yeye kila siku ilikuwa Jumamosi.

Sikuthubutu kumwambia mtu kabla sijahakikisha. Jumatatu nilimwendea Mwalimu Nyangi wa sayansi. Alinieleza kwamba mjusi hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Huazima joto la mahali alipo, na asipolipata tumbo lake halifanyi kazi. Hata akimeza, chakula kitamwozea ndani. Kwa hiyo hakatai kwa ukaidi, bali mwili wake unajua kwamba hauwezi. Halafu Mwalimu akaniuliza mjusi huyo anakaa kwa nani. Nikamwambia anakaa kwa fundi wa nguo, na Mwalimu akakubali kwamba hajawahi kusikia jambo kama hilo.

Jioni hiyo nikawasha pasi. Niliitia makaa nusu, nikaipepea barazani mpaka yakashika, nikaiweka juu ya jiwe kwa muda wa kusema Zaburi ya ishirini na tatu mara nne, kisha nikaiondoa na kulipima jiwe kwa mgongo wa mkono kama unavyofanya. Nikamlaza Mkaguzi. Alilala kama kipande cha ngozi ambacho Mzee Mwikwabe amekitupa. Shangazi alisimama nyuma yangu akiwa ameshika mdomo. Mzee Mwikwabe aliacha nyundo. Ikapita nusu saa, labda zaidi, na mimi nikirudisha pasi na kuiondoa. Kwanza jicho lilifunguka. Kisha wekundu ukaanza shingoni, ukapanda taratibu kama wino unavyopanda kwenye karatasi ya kukaushia. Nikamsogezea panzi mmoja, mdogo. Alimtazama kwa muda mrefu hata panzi akaanza kuondoka, ndipo akamdaka.

Shangazi alisema Bwana asifiwe, halafu akakumbuka ni mjusi, akatoka nje. Mzee Mwikwabe alicheka akasema kumbe Msabato wetu alikuwa akifuata makaa tu, kama washiriki wengine wanavyofuata pilau ya makambi. Shangazi akarudi na kumwomba asiyapeleke maneno hayo kanisani. Alisema wazee wameufurahia utani ule kwa miaka mitatu na hauna madhara kwa mtu.

Mpaka hapo sina la kuficha. Haya yanayofuata ndiyo yaliyonifanya nikuombe uketi.

Pasi ikishawashwa, makaa yanaungua. Shangazi alisema si haki mbele za Mungu kuunguza makaa kwa ajili ya mjusi peke yake, kwa hiyo nikapiga pasi zile nguo zilizokuwa kwenye kamba zikingoja wenyewe. Waliopita wakaona moshi, wakadhani umerudi. Mama Cliff akaja kuulizia shati la shule la mwanawe, ambalo ulikuwa umelikata tayari na kulifunga kwa uzi pamoja na vipimo vyake. Nikamwambia Fundi hajarudi. Alilishika lile furushi, akalirudisha, akasema mtoto anafukuzwa shuleni kwa sababu ya sare. Alikuwa hanilaumu. Alikuwa anasema tu.

Ulinikataza kugusa cherehani tangu nilipokuwa darasa la sita, siku sindano ilipopita kwenye kidole changu. Ulisema mikono yangu ni ya kalamu. Baba, Jumapili ya tarehe saba Julai niliigusa. Niliivua kitambaa chake, nikaitia mafuta, nikashona matambara ya mabaki mpaka mshono ukanyooka, kisha nikalifungua furushi la Cliff. Miaka hii yote nikifanya mazoezi yangu ya hesabu karibu na kanyagio lako, masikio yangu yalikuwa yakijifunza kitu kingine. Nilijua mahali unapopunguza mwendo kwenye kwapa kwa sauti yake tu.

Kola ilinishinda. Nilipoliweka shati mbele ya Mkaguzi alifumba jicho moja. Mzee Mwikwabe alisema yeye anajua viatu tu, lakini hata yeye anaona sikio moja la kola linaliuliza lingine linakwenda wapi. Nikaifumua. Mara ya pili nikaifumua tena. Mara ya tatu Mkaguzi aliinua kifua akainamisha kichwa, mara moja, mbili, tatu. Mwalimu Nyangi anasema mijusi dume hufanya hivyo kuwaonya wengine kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Nimeyakubali maelezo yake, lakini shati nililitoa baada ya Mkaguzi kukubali. Tangu siku hiyo nimemaliza nguo tano ulizokuwa umezikata. Nashona Jumapili, na siku za shule nashona saa moja tu kabla ya giza. Asubuhi nikiwa shuleni Shangazi ndiye huwasha pasi. Anasema anapiga pasi nguo yake ya kanisani. Anaipiga kila siku. Siku ya Sabato hatuwashi, na Mkaguzi hali, kama zamani.

Sasa kosa lenyewe. Alhamisi iliyopita Bwana Matiko alifika kutoka Sirare kuitazama cherehani. Nilimwona akishuka pale kwa wabadilishaji fedha, amebeba kamba ya kuifungia, nikajua ni yeye. Nilikimbilia ndani nikafungua kile kibati cha pembeni, nikatoa kile kikebe kidogo cha chuma kinachoshika bobini ya uzi wa chini, nikakiweka ndani ya sanduku la vifungo, chini ya tumbo la Mkaguzi.

Bwana Matiko si fundi, ni mchuuzi. Alikanyaga, sindano ikapanda na kushuka, uzi wa juu ukapita, uzi wa chini haukushika. Alijaribu tena na tena. Aliniuliza kama kuna kitu kimepungua. Nilimwambia sijui. Huo ni uongo, Baba, na nimeuandika hapa kwa maneno yake kamili: nilisema, "Sijui." Akasema labda kuna vipuri, akanyoosha mkono kwenye sanduku la vifungo. Mkaguzi alikuwa ametoka kwenye jiwe muda si mrefu, ana joto lake, akavimba na kuachama. Bwana Matiko alirudi nyuma, mkono wa shati lake ukanaswa na msumari wa meza, ukachanika mpaka kwenye kiwiko. Aliona haya, na mtu mwenye haya husema vibaya. Alisema mashine hii imekufa upande mmoja kama mwenyewe. Mzee Mwikwabe akamjibu kutoka barazani kwamba aangalie viatu vyake, navyo vimekwisha upande mmoja, na leo havina fundi katika mji huu.

Nilitaka kumshonea ule mkono wa shati. Ningemaliza kwa dakika kumi. Lakini ningemshoneaje kwa mashine niliyokwisha kusema ni mbovu? Aliondoka vile vile, upepo unapita kwenye kiwiko chake, nami nikaona uongo wangu ukitembea barabarani mchana kweupe. Alisema atarudi mwisho wa mwezi pamoja na fundi wa mashine. Sijalala vizuri tangu Alhamisi, na jana kanisani sikuimba.

Kwa hiyo nimekata shauri hivi. Kikebe kile cha bobini kimo ndani ya furushi, kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Nimekutumia wewe, kwa sababu cherehani ni yako na si yangu kuificha. Kuanzia leo siwezi kushona hata mshono mmoja mpaka kikebe kirudi. Ukiona bado iuzwe, mpe Shemasi Bichage akirudishe. Nitakirudisha mahali pake kwa mkono wangu, nitakwenda Sirare na Shangazi kumwomba Bwana Matiko msamaha, na nitalishona shati lake kabla hajaichukua mashine. Sitakunung'unikia. Lakini ukiona isiuzwe, basi usimpe Shemasi. Kilete mwenyewe.

Lipo jambo jingine, na naliogopa kidogo. Sikulinganishi na mjusi, Baba, na nisingependa muuguzi adhani hivyo. Lakini Mama aliandika kwamba kitanda chako kiko upande wa ukuta, na kwamba jua la asubuhi huingilia dirisha la upande wa pili na kuishia sakafuni. Mama, tafadhali, waombe wamsogeze. Mkaguzi nilimpa kila chakula kilichopo Isebania, nikamwombea, nikamlilia, na kumbe hakuwa amekataa kula. Alikuwa amepoa tu. Huenda si kitu. Lakini kusogeza kitanda hakudhuru, na sahani ikija waiweke pale penye jua.

Sasa mnaweza kufungua furushi. Mle mna shati. Ni kile kitambaa cha buluu ulichojinunulia mwenyewe mwaka juzi ukakiweka juu ya kabati, na kila mwezi ukasema utakishona kazi za watu zikipungua. Nililikata kwa kufuata shati lako la zamani. Nilikata nikiwa nimezuia pumzi. Kola nimeifumua mara moja tu.

Halina vifungo. Sijasahau. Vifungo vyake saba vimo kwenye kopo, pamoja na kikebe, subana yako ya kukinga kidole, na sindano tatu ambazo nimezitia uzi tayari na kufunga fundo, ili usisumbuke. Mama anasema daktari alikupa mpira wa kuminya ukaukataa, ukasema wewe si mtoto. Hii si michezo ya mtoto. Mkono wa kushoto ushone. Ule wa kulia sikuombi ufanye lolote, ulale tu juu ya kitambaa na kukishikilia kwa uzito wake. Ukishona kifungo kimoja kwa siku inatosha. Hata kimoja kwa wiki.

Shangazi Bitutu anakusalimu, anasema anakuombea asubuhi na jioni, na kwamba humu kibandani mna panya, jambo ambalo Mkaguzi hawezi kulikagua. Mzee Mwikwabe anasema amekutengenezea kiatu cha kulia chenye soli nyepesi, akaniomba nisikuambie, kwa hiyo ukifika jifanye hujui. Mwalimu Nyangi pia anakusalimu, ingawa hamjaonana. Msalimie Mama sana, na umwambie kuku wake wote wapo isipokuwa yule mweupe.

Mkaguzi yuko hapa juu ya jiwe ninapoandika. Kichwa ni chekundu, ameshiba, na amekwisha kuikubali barua hii mara mbili. Ila shati lako sijamwonyesha. Nguo iliyo nusu haikaguliwi, na hiyo ni sheria yako. Likishapata vifungo, livae uje nalo.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Gesare Orina